Vijiti vya Mzabibu Makambako

Juma lililopita basi letu kutoka Njombe lilisimamishwa Makambako kwenye kizuizi cha ukaguzi wa mimea. Karani wa kilimo akafungua gunia lililolowa maji la mzee mmoja, akakuta vijiti vya mzabibu.

“Vitaleta ugonjwa. Tuvichome, ukapande mbegu.”

Mzee akalivuta gunia kwake. “Bwana, mbegu ya zabibu haizai mfano wa mama yake. Aina hii huendelezwa kwa kijiti tu, na mzabibu mama umekufa kwa baridi kule misheni. Ndivyo vilivyobaki.”

Karani akakata kimoja, akakichungulia kwa kioo cha kukuzia.

“Vikae hapa juma zima, nivichunguze.”

Mzee akashuka navyo. Dereva akamwita, naye akajibu, “Nani atavimwagilia?”

Wasomaji, wanywaji divai husifu pipa ilimokomaa. Sijasikia anayemsifu aliyeshuka Makambako.