Ngozi ya Ng'ombe kwenye Pua ya Gari

Nitawasimulia hili kwa sababu aibu yake imeshazeeka pamoja na mimi, na tena hakuna wa kumficha, maana Kilosa nzima iliipata siku ileile, nikiwa nimesimama mbele ya kipaza sauti na suruali yangu ya kazi imenyooshwa pasi, nimeambiwa nieleze kwa mdomo wangu mwenyewe kwa nini gari la serikali nimelivika ng'ombe.

Ilikuwa ile miaka ya vijiji vya ujamaa, na mimi nilikuwa dereva wa ofisi ya wilaya. Kabla ya hapo nilikuwa naendesha trekta kwenye miwa kule Ruhembe, kazi ya jua na vumbi, kwa hiyo kuitwa ofisini na kuvaa viatu vyeusi nilikuona kama nimepandishwa mbinguni. Ofisi ilikuwa na Landrova mbili zilizochoka, milango inafungwa kwa kamba, halafu siku moja treni ikatuletea gari dogo jipya la kuchukulia wageni, rangi ya bluu iliyokolea, na lilipoteremshwa pale stesheni watu waliacha kupokea mizigo yao wakaja kulitazama. Sijui niwaeleze vipi rangi ile. Ulikuwa ukisimama karibu unajiona mzima, kofia mpaka vifungo, na nyuma yako unaona milima na mawingu yanapita. Akina mama walikuwa wakitoka sokoni wanazunguka makusudi wapite hapo ofisini wajitengeneze khanga kwenye mlango wa gari, na mimi nasimama pembeni na kitambaa mkononi kama ndimi niliyeiumba ile rangi.

Mkubwa wangu alikuwa Bwana Yona, afisa utawala, mtu wa milimani, amesoma shule ya misheni, mpole lakini neno lake halirudi nyuma. Alilizunguka gari mara ya kwanza mikono nyuma, kisha akaniambia, "Selemani, hii ni mali ya wananchi. Nikikuta jiwe limebandua rangi hii, utarudi kwenye trekta."

Sasa nyie mnaoijua barabara ya Kilosa kwenda Mikumi leo, msiifananishe na ya wakati ule. Ilikuwa kokoto tupu, na malori ya mkonge yakikupita yanakumiminia mawe kama mtu anayekurushia kwa kisasi. Usingizi ukanipotea. Nikawa nakumbuka gari la mhandisi mmoja mzungu wa barabara kuu nililowahi kuliona Mikumi: mbele amelivalisha kitu kama bibu ya mtoto, cheusi, kinafunika pua yote chini ya taa, na nyuma ya kila tairi ametundika pande la mpira, mawe yanagonga pale yanaanguka. Nikasema basi, hiyo ndiyo dawa. Lakini mpira ningeutoa wapi? Matairi mabovu yote ya wilaya yalikuwa miguuni mwa watu, yameshakuwa katambuga.

Hapo ndipo nilipofanya ule uamuzi mdogo. Nilikwenda Tindiga kupeleka barua, nikamkuta mzee mmoja mfugaji, Mzee Lekishon, ametandaza ngozi ya ng'ombe dume juani, kubwa, nene, nyekundu yenye mabaka meupe, na mkia wake upo. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, nikamwuliza kama ataniuzia. Akasema ataniuzia, ila bado mbichi, niiache ikauke kwanza mpaka ilie kama debe. Nikamwambia nitaikaushia nyumbani. (Nilikuwa na nia hiyo kweli, naapa.) Lakini kufika Kilosa nikakuta habari kwamba kuna kiongozi mkubwa kutoka Dar es Salaam anakuja kuzungumza na wanavijiji, anashuka kwa ndege ndogo kule mbugani Mikumi, na mimi na Bwana Yona ndio wa kwenda kumpokea, tena baada ya siku chache tu. Nikaipaka ngozi chumvi, nikampelekea Fundi Mshamu, mshona viatu.

Fundi Mshamu alifurahi kuliko mimi. Alikuwa amechoka kushona kandambili, na hapa analetewa gari zima. Tulipima pua ya gari kwa kamba, tukakata, tukatoboa pembeni kwa msharasi, tukaweka gunia laini kwa ndani ili ngozi isikwaruze rangi, na hatukutoboa bati hata tundu moja, kila kitu tulifunga kwa mikanda na waya chini ya bampa. Mabaki tukatengeneza vipande vinne vya nyuma ya matairi. Manyoya tuliyaacha nje, kwa sababu Fundi Mshamu alisema yanapendeza, na mkia (hili lilikuwa wazo langu, sitamsingizia mtu) nikautundika usiku wa kuamkia safari, nyuma, katikati, chini ya namba.

Bwana Yona alipoliona aliinama mbele ya pua yake. "Selemani, hiki ni nini?"

"Kinga ya mawe, Bwana. Hatukuagiza kitu nje. Ndiyo kujitegemea kwenyewe."

Akaniangalia, akaliangalia gari, nikaona ameanza kulipenda. Tukalijaribu kwenye barabara ya Kimamba nyuma ya lori la mkonge, nikalikaribia kwa makusudi, na yale mawe yakawa yanatua kwenye ngozi pu, pu, pu, kama ngoma ya mbali. Tuliporudi tukaifungua, rangi haina hata doa. Bwana Yona akapitisha kiganja chake pale taratibu, kama anayempapasa mtoto aliyelala, akasema, "Ajabu." Nikavimba kichwa. Mke wangu aliniambia gari linanuka, nikamjibu kwamba hajui mambo ya magari. Mbwa wa mtaani kwetu wakaanza kunifuata kila ninapokwenda, kundi zima, nami nikadhani wamevutiwa na gari kama watu wengine.

Asubuhi ya safari mvua ilinyesha njia nzima. Ngozi ikalowa, ikalegea, ikavimba, na ile chumvi ikasafishwa ikaisha. Kwenye lango la mbuga askari wa wanyamapori alisogea dirishani kutusalimu, akarudi nyuma hatua moja, akauliza kwa adabu kama tumebeba nyama. Bwana Yona akasema hatukubeba. Tukapita.

Ndege ikatua, akashuka mama wa makamo, kitenge na miwani, kimkoba kimoja, hana makuu kabisa. Tukamwamkia, akaketi nyuma na Bwana Yona, na mvua ilikuwa imekatika, nyasi zinang'aa, milima ya Uluguru imejitokeza mbali imefuliwa ikawa safi. Mbele kidogo tukawakuta simba wamelala kando ya njia, majike na watoto wao, wanaota kijua.

"Dereva," yule mama akasema polepole, "simama kidogo. Nimezaliwa nchi hii na sijawahi kumwona simba."

Nilikuwa nimeshawapita simba wale mara nyingi na Landrova, hawanyanyui hata sikio. Nikasimama, nikazima injini kama inavyotakiwa, ili mgeni afaidi kwa utulivu. Upepo ulikuwa unatoka kwetu unaelekea kwao. Jike mmoja akainua kichwa. Kisha wa pili. Kisha wote wakasimama kwa pamoja, kimya, kama wanafunzi mwalimu akiingia darasani, wakaja.

Jamani, nimeona mambo mengi, lakini sijaona kitu kinachotembea namna ile. Hakuna haraka, hakuna sauti, mabega yanapanda na kushuka chini ya ngozi kama maji. Yule wa kwanza akafika kwenye pua ya gari, akanusa, akafunga macho, akalamba. Sisi ndani ya gari tukausikia ulimi wake unakwaruza kama msasa. Halafu akauma na kuvuta, gari likainama mbele pamoja na sisi.

"Selemani," Bwana Yona akanong'ona, "washa uondoke."

"Yuko mbele, Bwana. Na mwingine yuko nyuma, kwenye mkia."

"Mkia gani?"

Nikamweleza. Akashusha kofia yake mpaka machoni.

Gari likawa linachezeshwa kama kitanda cha kamba. Watoto wa simba waliingia chini, tunawasikia wakigombania vile vipande vya matairi, na jike mkubwa, ili apate nguvu, akapanda na miguu ya mbele juu ya boneti, akafika usawa wangu. Kati yangu na yeye palikuwa na kioo tu. Pumzi yake ikatua pale ikaweka ukungu, ikafutika, ikaweka tena. Macho yake yalikuwa rangi ya asali, na yalinitazama bila hasira wala huruma, kama mtu anayetazama mto unaopita, na hapo nikajua kwamba viatu vyangu vyeusi na ofisi na trekta na mimi mwenyewe havimhusu kabisa. Nilitakiwa niogope. Niliogopa, lakini chini ya ile hofu palikuwa na kitu kingine, kama unapoingia mahali pa kusalia ukiwa mtoto ukakuta watu wazima wote wamenyamaza.

Nyuma nikamsikia mgeni anavuta pumzi. "Usipige honi," akaniambia. "Tafadhali, usipige honi."

Mwisho dume akatoka majanini. Majike wakampisha. Akaishika ngozi kwa kona, akatikisa kichwa mara moja, mikanda ya Fundi Mshamu ikakatika pa, pa, akaondoka nayo akiiburura katikati ya miguu yake, kichwa juu, na ukoo mzima nyuma yake. Nyasi zikawafunika. Tulikaa pale mpaka ndege wakaanza kulia tena.

Niliposhuka kulitazama gari, huko mbali na mbuga, nilianzia mbele. Kuanzia kioo mpaka taa, katikati ya ile rangi ya bluu, kulikuwa na mistari minne minne imeshuka mpaka kwenye bati, na nyayo za tope, na taa moja imepasuka. Mawe ya barabara ya Kilosa yangehitaji maisha yangu yote kufanya kazi ile. Waya zilining'inia, gunia linapepea, na kipande kimoja cha ngozi chenye manyoya kimebaki kwenye tairi la nyuma.

Hivyo ndivyo tulivyoingia Kilosa. Ngoma zinapigwa, watoto wa shule wamepanga mistari, wazee wa Tindiga na Malolo wamevaa kanzu na makoti yao, na gari walilozoea kujitazamia likaja mbele yao kama limetoka vitani. Ngoma zikafifia moja moja. Kitu pekee kilichotukaribia kwa furaha ni wale mbwa.

Nilijificha nyuma ya usukani. Lakini yule mama alipopanda jukwaani, aliweka hotuba yake chini akasema, "Kabla sijazungumza nanyi habari za kilimo, namwomba dereva wangu aje hapa." Nikaenda. Akanisogezea kipaza sauti. "Waeleze ndugu zetu gari hili lilivaa nini, na kwa nini."

Nikasema, na sauti yangu ikarudi kutoka kwenye ukuta wa stesheni, "Ngozi ya ng'ombe. Nilikuwa nazuia mawe."

Sijawahi kusikia kicheko kikubwa kama kile. Wazee walishikana mabega, Fundi Mshamu nilimwona anapenya kwenye umati akielekea nyumbani kwake, na Bwana Yona, mtu nisiyewahi kumwona meno, alikuwa amefunika uso kwa kofia na mabega yanatikisika. Kisha yule mama akaanza kusimulia. Alieleza ile pumzi kwenye kioo, na yale mabega, na lile dume linaondoka, na uwanja ukatulia mpaka ukasikia khanga zinapepea. Alipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Bibi mmoja akajongea kwenye gari, akaweka vidole vyake vinne kwenye ile mistari minne, akavipitisha polepole mpaka chini, akasema kitu kwa Kisagara, na nyuma yake watu wakaanza kujipanga kufanya vilevile.

Kazi sikufukuzwa. Gari lilipakwa rangi upya Morogoro, bluu isiyofanana na ile, na mimi nikaitwa Dereva Ng'ombe mpaka leo, hata na watoto ambao siku ile hawakuwa wamezaliwa. Na nikaapa, na kiapo hicho nimekitunza, kwamba gari nitakalopewa nitaliendesha lilivyo, mawe yapige yanapotaka, sitalifunga ngozi, gunia wala kitambaa, na mke wangu akisema kitu kinanuka nitashuka ninuse kwanza.

Ila abiria akiniomba nisimame kidogo pale Mikumi, amwone simba kwa mara ya kwanza, nasimama. Hilo sikuliapia.