Kiti cha Heshima cha Mwanangu

Hebu niambieni: mtu aliyekosa, unatangazaje jina lake kwa kipaza sauti, unamfungulia mlango, halafu unamkalisha peke yake ndani ya kioo?

Mwanangu Baraka anachezea timu ya taifa ya vijana ya Uingereza ya hoki ya barafu. Miaka nenda, miaka rudi, timu hiyo hupanda daraja na kushuka. Jumamosi iliyopita walicheza hapa hapa Birmingham, na wakishindwa wangeshuka tena. Nikaenda na jirani yangu wa Nechells, Papa Espoir, Mkongo anayeujua mchezo huo.

Tukiwa sare, Baraka akamgonga mtu. Filimbi ikalia, jina letu likatangazwa ukumbi mzima. Mzee mmoja akamfungulia mlango wa chumba cha kioo kando ya uwanja, Baraka akaingia akaketi. Kwetu Kakamega, anayeketishwa kando mbele za watu ndiye mgeni rasmi! Nikasimama nikapiga vigelegele. Nikampiga picha, nikaituma kwenye grupu ya kanisa: "Mwanangu ameheshimiwa!" Wapinzani wakafunga goli, mimi bado napiga vigelegele. Watu wote wakanigeukia.

Papa Espoir akanivuta gauni. "Mama Baraka, ikala chini! Ile ni kasho, ni gereza. Bamemufunga juu ya makosa, na goli imeingia juu yeye haiko."

Nikakaa. Mkononi simu ilikuwa inalia mfululizo, majibu ya grupu ya kanisa yakiingia. Amina. Amina. Amina, Mama Baraka, na wetu wafike hapo alipofika.