Notisi Niliyoisomea Chooni

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilifungiwa ndani ya choo ambacho nilikuwa nimetumwa kwenda kukifunga.

Nilikuwa mkaguzi wa afya, binti wa polisi, mzaliwa wa kambi yao. Baba alitoka kaskazini, mama magharibi, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Lakini kile cha kambini kilikuwa Kiswahili cha amri: simama, toka, leta, nyamaza. Niliweza kutawanya umati kwa Kiswahili, ila nikitaka kuomba chumvi nilihamia Kiluganda.

Fomu zetu za ukaguzi zilikuwa za tangu enzi za Waingereza. Karani mmoja aliniambia zilinakiliwa kutoka mji fulani wa bandari, na hakuna aliyejisumbua kuondoa yasiyotuhusu. Ndiyo maana, nikikagua kibanda cha chapati hapa Kampala, ilinibidi nijibu kama panya wa melini wameonekana, na ni hatua ngapi kutoka hapo hadi gatini. Niliandika "haihusu" mpaka mkono ukalizoea hilo neno kuliko jina langu.

Asubuhi hiyo mkubwa wangu alinikabidhi notisi ya kufunga choo kimoja cha mtaa wa Kisenyi. Makosa matano yalikuwa yameshaandikwa, naye hakuwa amefika hata getini. Kazi yangu ilikuwa kuthibitisha, kubandika na kurudi.

Mwenye nyumba alikuwa Hajati mzee, wa zile familia za Kiislamu ambazo mababu zao walikuja na biashara kutoka pwani. Nyuma alikuwa na ua wenye vyumba vya wapangaji, na mbele, barabarani, hoteli ya pilau na chai. Wapangaji na wateja wote walitumia choo hicho kimoja. Nilimkuta mlangoni akichambua mchele.

"Fungua choo!" nikamwambia.

Akaniangalia kuanzia viatu hadi kofia. "Marahaba, mwanangu," akasema.

Sikuwa nimemwamkia. Masikio yaliniwaka moto. Nikatamka shikamoo kwa kuchelewa, naye akanionyesha njia ya uani kwa kidole kimoja, bila kuinuka.

Choo kilikuwa cha matofali, kimefagiwa, na mlango wake ulikuwa mpya, wa chuma kizito, umepakwa rangi ya kijani. Nikaingia, nikavuta mlango, nikasukuma komeo ili kupima. Likaingia vizuri sana. Nilipolivuta litoke, mshikio wake ukang'oka ukabaki kiganjani mwangu, na komeo lenyewe likabaki ndani ya tundu lake.

Nilijaribu kwa kucha. Nilijaribu kwa kalamu ya serikali, ikavunjika. Nikapiga bega, nikaumia bega. Kisha nikasikia sandali zikija, na mtu akagonga.

"Kuna mtu," nikasema.

"Najua kuna mtu. Fanya haraka, bambi, nihurumie!" Ilikuwa sauti ya mwanamume mwenye shida ya kweli.

Haukupita muda mrefu kukawa na foleni. Nikakiri kwamba mimi ni mkaguzi na siwezi kutoka. Kicheko kikapanda ua mzima kama maziwa yanayochemka. Mtu akakimbia kumwita Hajati.

"Musawo," Hajati akaniita, maana huku kila mtu wa afya ni daktari. "Umo humo?"

"Toa mimi huku!"

"Hebu anza na tafadhali."

"Tafadhali, Hajati. Nitoe."

"Hapo sawa. Fundi aliyetengeneza mlango yuko Katwe, nimeshampigia. Anakuja na mashine yake. Sasa wakati tunamsubiri, niambie ulichokuja kufanya nyumbani kwangu."

Nilikuwa na notisi mkononi na sikuwa na pa kukimbilia. Nikamwambia nimeleta notisi.

"Isome."

Nikakohoa. "Kwanza, choo hakina hewa ya kutosha."

"Unapumua?"

"Napumua."

"Umekaa humo nusu saa na unapumua. Endelea."

"Mwanga hautoshi kwa... " Nikanyamaza mwenyewe, kwa sababu nilikuwa nasoma maandishi madogo ya mkubwa wangu bila tabu yoyote.

"La tatu?" Hajati akauliza.

Nilitamani kuliruka. "Mlango," nikasema polepole, "haufungi sawasawa."

Sijawahi kuchekesha watu wengi kiasi kile, kabla wala baada. Mtu alipiga ukuta kwa kofi. Hata yule mwanamume mwenye shida alicheka, kisha akalalamika kwamba asichekeshwe.

Kosa la nne lilikuwa kwamba mlango una pengo chini. Hilo lilikuwa kweli, nililiona kwa macho yangu, mkono ungeweza kupita. Nikalisoma kwa ujasiri kidogo. La tano nikalisoma kwa ujasiri wote: shimo limejaa.



"Hilo ni kweli," akasema Hajati, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Limejaa. Watu wangu wanateseka, na mimi naona haya mbele ya wateja."

"Kwa nini hukuomba gari la kunyonya uchafu?"

Nikasikia hatua zake zikienda, zikakaa, zikarudi. Kisha kupitia lile pengo karatasi tatu zikaingia, moja baada ya nyingine, zikasimama kwenye ncha ya kiatu changu.

Zilikuwa nakala za barua zake kwa ofisi yetu, za miezi mitatu mfululizo, akiomba gari. Kila moja ilikuwa na muhuri wetu, na chini yake maneno "itashughulikiwa" kwa mwandiko ule ule ulioandika notisi. Nilizisoma nimesimama juu ya shimo lenyewe.

"Umezisoma?"

"Nimezisoma, Hajati. Nisamehe."

"Wewe hukuziandika," akasema.

Fundi alifika na mashine ya kukata chuma, akavuta waya kutoka hotelini. "Musawo, kaa mbari!" akapiga kelele. "Moto inakuja!"

"Mbali wapi?" nikauliza.

Akafikiri. "Basi geukia ukuta, funika macho."

Cheche ziliruka, mlango ukafunguka, nikatoka nikiwa na vumbi la chuma kwenye nywele. Watu wakapiga makofi. Yule mwanamume wa kwanza kwenye foleni alinipita kama upepo, hakujali tena habari ya komeo.

Sikuibandika notisi. Nilirudi ofisini nikaweka barua tatu mezani kwa mkubwa wangu, nikazipanga kwa tarehe.

"Umeibandika?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Tafadhali, mzee, soma hizi kwanza."

Akasoma. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akasoma tena ule mwandiko wake kana kwamba ni wa ndugu aliyemwaibisha. Hakuniomba radhi, wala sikutarajia. Alivuta kitabu cha magari akasaini.

Gari lilifika juma lililofuata, na bomba lake likafika nusu ya uchochoro. Dereva akataka kuondoka. Hajati akasimama mbele ya gari na khanga yake, akamwambia azime injini. Kisha akaita mafundi wa gereji za jirani, wakaja na vipande vya bomba na mipira ya kufungia, wakaunganisha hadi likafika shimoni. Kazi ilichukua asubuhi nzima. Kisenyi ilifunga madirisha, hoteli ikafungwa, na mimi nilishika kiungo kimoja kilichokuwa kikivuja, kwa mikono miwili, nikiomba Mungu wangu na wa Hajati.

Baadaye alinipakulia pilau. Sikuweza kula hata punje, kwa sababu zilizo wazi. Akacheka, akanifungia kwenye kaveera, mfuko wa plastiki. Nilikula saa kumi jioni mezani kwangu ofisini, nikamaliza yote, na mifupa nikaitafuna.