Bapa Pana kwa Sekunde Nne

Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa fundi wa makafi ya kayaki, ile mitumbwi myembamba ya mbio, na watu walimwita Sekunde. Jina halikumuudhi. Hakuamini neno lisilopimwa kwa saa. Hata chai ya dada yangu ilikuwa na muda wake jikoni. Moyo alikuwa nao, ila ubishi ulitangulia.

Mwaka ule binti yake aligombea nafasi ya mwisho kwenye timu, katika mbio za baharini za kilomita kumi na nane. Sekunde alijifungia karakanani mwezi mzima, vumbi la mbao mpaka kwenye kope, akatoka na makafi matatu, kila moja na bapa lake la kusukuma maji: moja la bapa jembamba refu, moja la bapa lililopinda kama kijiko, na moja la bapa pana. Binti alipiga mita mia tano kwa kila moja, kati ya maboya mawili, maji yametulia. Saa niliishika mimi, na nilijiona mtu. Bapa pana lilishinda kwa sekunde nne. Nilipomkumbusha shemeji kwamba mbio ni ndefu, alinijibu kwamba kuzidisha kulivumbuliwa kwa ajili hiyo. Akazidisha ukutani kwa chaki, akapata dakika mbili na ushee. Bega la mtoto hakuliingiza kwenye hesabu.

Wiki ya tatu ya mazoezi binti alinikuta bandani nafunga kayaki. Hakuwa mtu wa kulalamika.

"Mjomba, bapa pana linabeba maji mengi mno. Bega linatoka na kurudi. Mwambie baba anipe lile jembamba, wewe anakusikiliza."

Nikamwahidi. Jioni nilimkuta shemeji anapaka vanishi huku akiimba, nikaona nisimharibie siku. Kesho yake nikaona hivyo hivyo. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini tumbo lililoumia halikuwa langu.

Siku ya mbio upepo ulivuma kutoka mbele. Kwenye kilomita ya kumi na moja bega lilichomoka, kayaki ikapinduka, na boti ya uokoaji ikachelewa kumwona kati ya mawimbi. Walimtoa hai. Daktari alisema mishipa ya fahamu imekatika, mkono hautanyanyuka tena. Alikuwa na miaka ishirini na mbili.

Wodini shemeji alisimama miguuni pa kitanda, mikono hajui aiweke wapi.

"Shemeji, wewe ulikuwa naye kila siku. Hakuwahi kukwambia kwamba bega linamuuma?"

Binti alikuwa macho, ananitazama. Nilimwogopa baba yake, na aibu ilinizidi.

"Hapana," nikasema.

Baba akamwinamia mwanawe, akamuuliza kwa upole kwa nini alinyamaza. Binti aliniangalia tena kidogo, kisha akamwomba baba yake msamaha.