Siku Mjomba Alipojificha Kichakani

Juzi asubuhi nilitoka kununua maziwa hapa Amalemba, nikapishana na vijana saba au wanane wakikimbia kando ya lami. Viatu vya rangi ya machungwa, saa kubwa mikononi, na nyuma yao mwenzao kwenye pikipiki akiwabebea maji. Mmoja akanipungia mkono, "Shikamoo, kukhu!" kama kwa bibi yake. Nikaitikia. Kisha nikabaki nimesimama na maziwa yangu, nimekasirika, wala kijana wa watu hakuwa amenikosea lolote.

Sisi, rafiki yangu, hatukukimbia ili tuonekane. Tulikimbia kwa sababu tulitumwa. Nililelewa na bibi mzaa mama kule vilimani, enzi ambazo msitu ulikuwa unafika hadi nyuma ya choo. Bibi alikuwa akitema mate chini na kusema, "Yakikauka hujarudi, utanitambua." Hapo unachomoka kwenda kuomba chumvi, au kaa la moto ulilolifunika kwa kigae na kulikinga kwa mwili mzima lisizimike. Kijia kilianzia uani, kikapanda, kikaingia msituni ambako hata saa sita mchana palikuwa na baridi. Nyayo zangu zilijua kila mzizi. Juu hondohondo wakipiga mabawa kwa kishindo, kima wakigombana, na pua imejaa harufu ya majani yaliyooza na uyoga. Halafu ghafla unatokea kwenye jua kali, mteremko wote umejaa mizabibu ya padri.

Ndiyo, mizabibu, Kakamega. Padri mzungu aliileta miche kutoka kwao, akaichomekea miti kwa mistari iliyonyooka, apate divai ya misa. Mvua yetu haikujua habari za misa. Zabibu zilitoka ndogo, chachu, nusu zimeoza zikiwa bado juu, na kila Jumapili tulionywa kwamba anayezigusa anamwibia Mungu. Sasa mwambie mtoto hivyo uone kama atalala.

Katika vijia hivyo hakuna aliyemfikia mjomba wangu, kitinda mimba wa bibi. Alikuwa kijana mrefu, mwenye aibu, aliyeshinda kwenye mashimo akitafuta dhahabu na kurudi jioni na matope matupu. Mwaka ule wa Uhuru alikuwa ameoa msichana wa Malinya. Mkaza mjomba huyo alinipenda bila sababu. Akipika obusuma, ugali wetu, alinibandulia ukoko na kunipa mkononi kabla bibi hajaona, na mrenda wake ulivutika kutoka kwenye chungu hadi mdomoni bila kukatika. Nilikuwa na miaka tisa. Sikuwahi kupendwa hivyo.

Basi sherehe za Uhuru zilipokaribia, mwalimu wetu akatangaza mbio za wanaume. Zingeanzia uwanja wa shule, zipande kwenye mizabibu, zizunguke msituni na kurudi uwanjani. Wawili wa kwanza wangeandikwa kazi ya askari jela. Kazi ya serikali! Sare, viatu, nyumba ya mabati. Bibi hakulala kwa furaha, kwa maana nani angemshinda mwanawe?

Kitu kimoja tu kilimtia hofu. Kwetu, mtu na mama mkwe wake hawakutani njiani. Wakionana kwa mbali, mmoja anaacha njia, anageuza uso, anangoja mwenzake apite. Kupishana naye bega kwa bega ni mkosi unaofika hadi kwa watoto ambao hawajazaliwa, na kupishana naye ukiwa kifua wazi, kaptula fupi, mapaja nje, hilo hata jina halikuwa nalo. Na siku ile wanawake wa Malinya walialikwa kuja kusherehekea, kwa njia ile ile ya msituni.

Bibi akanipeleka njia panda asubuhi na mapema. "Simama hapa," akasema. "Ukiona mavyala wake, huyo mama mkwe, akikuja, mwambie apitie ile ya mtoni. Usitoke hapa hata kama ni haja, umesikia?" Nikasema nimesikia.

Nilisimama. Nikahesabu siafu, nikaimba nyimbo zote nilizozijua. Hakuna aliyepita. Kutoka pale niliona mizabibu chini, na mlinzi wake hayupo, amekwenda kutazama mbio kama watu wengine. Nikajiambia, mara moja tu. Nikashuka. Nilikula zabibu za padri kwa mikono miwili, mbichi na mbivu na zilizooza, nikajaza na kifua cha gauni. Wakimbiaji walipopita, nililala kifudifudi kati ya mistari wasinione. Mjomba alikuwa mbele, peke yake, wa pili hata haonekani. Nilitaka kumshangilia nikaogopa kutoa sauti.

Yaliyofuata niliyasikia kwa waliokuwepo. Mama mkwe alifika njia panda, hakukuta mtu, akaingia msituni na kikapu cha ndizi kichwani, na kuku, ingokho ya wakwe, amefungwa miguu mkononi. Kwenye kona, mahali ambapo kijia kinabanwa na miiba upande huu na gema upande ule, akamwona mkwewe anakuja mbio, kifua wazi. Mjomba akajirusha kichakani. Mama wa watu hakuwa na pa kwenda na mzigo ule, akajifunika uso kwa leso, akasimama kama alivyo. Haoni njia, hawezi kwenda. Naye mjomba hawezi kutoka mpaka mama aende. Kila mmoja akamheshimu mwenzake pale pale, na wakimbiaji wakapita kati yao mmoja mmoja, wakicheka mpaka wakashindwa kupumua. Mwishowe mjomba alijipenyeza kwenye miiba, akaingia uwanjani wa sita, amechanwa mwili mzima.

Jioni wazee wakakaa. Wakaniuliza kama nilikuwa njia panda. Ningesema ukweli ningechapwa, na uchungu wa fimbo ya bibi ulikuwa unaisha kwa siku mbili tu. Nikasema nilikuwepo. Nikasema nilimwambia mama apitie mtoni, akanijibu kule kuna matope, hawezi kuchafua nguo yake kwa ajili ya mbio za watoto. Maneno hayo niliyatunga palepale, na yalitoka matamu. Mama mkwe akatuma kusema hakuona mtoto yeyote. Bibi akasimama akanishika bega. "Huyu wangu hadanganyangi," akasema. Ikawa basi.

Kesho yake mkaza mjomba alikuwa anafua mtoni. Akaliinua gauni langu lenye madoa kifuani, akalitazama, akanitazama.

"Hii ni nini, mama?"

"Zambarau."

"Niambie tu. Mimi sitakuchapa."

"Ni zambarau," nikasema.

Aliendelea kulisugua lile gauni muda mrefu. Angeweza kulipeleka kwa wazee, lakini nani angemwamini mke mgeni dhidi ya mtoto wa boma, tena akimtetea mama yake? Mjomba alirudi kwenye mashimo yake na kuanza kunywa, na kila akinywa alimwambia mkewe kwamba mama yake ndiye aliyemfungia mlango wa riziki. Mvua za kupandia mahindi zilipokuja alikuwa amekwisha kumrudisha kwao. Siku ya kuondoka mkaza mjomba alinipitia jikoni kuniaga, nami nimejificha nyuma ya ghala. Nilimsikia akiniita mara mbili.

Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Hawakuipita yangu. Nilisikia baadaye kwamba mkaza mjomba aliolewa Lumakanda, kwamba amezaa, kwamba bado yu hai na macho yamepungua. Kutoka hapa ni safari ya asubuhi moja. Sijaenda.

Mizabibu iling'olewa zamani, padri alipoondoka, pakapandwa mikaratusi. Kijia kimemezwa na mashamba, na msitu umerudi nyuma mpaka unauona kwa mbali tu. Mwaka juzi tulipomzika mjomba nilitazama pale hemani, nikaona wakwe wa kiume wamekaa na mama wakwe zao kwenye viti vya plastiki, wanapiga picha kwa simu, wanapakuliana wali. Hakuna aliyegeuza uso. Mila iliyowavunja mjomba na mkewe haimtishi hata mtoto siku hizi.

Kisha mzee mmoja akasimulia habari ya zile mbio. Alisema marehemu angekuwa mtu mkubwa serikalini, ila mama mkwe wake alikuwa na kiburi, hakutaka kuchafua nguo. Alirudia maneno niliyoyatunga nikiwa na miaka tisa, neno kwa neno, na hema lote likacheka mpaka wafiwa wakafuta machozi. Walipomaliza kucheka wakanipa kipaza sauti, kwa kuwa mimi ndiye niliyebaki mkubwa upande wa dada zake. Nilikishika kwa mikono miwili. Nikawashukuru wote kwa kuja, nikawatakia safari njema, nikakaa.