Miaka Mitatu Nikimeza Dawa ya Kichocho

Nisikilizeni nikiwa nimesimama jamani, kiti bado sijapatana nacho.

Mnanijua mimi Sekela. Kwenye kupandikiza mpunga hapa Madibira, mimi nilikuwa nafika mwisho wa jaruba nyie bado mko katikati mnapiga soga. Siku nilipoona damu chooni sikushtuka. Sisi tunaoshinda majini tukiona damu tunasema kichocho, basi. Nikameza vidonge. Damu ikakatika, ikarudi. Msimu uliofuata nikameza tena, na mwingine tena. Ikafika naenda chooni mara saba kwa siku, inatoka damu na kamasi, na nikinyanyuka nahisi bado sijamaliza. Nimwambie nani? Niliona aibu.

Mume wangu ndiye aliyeona khanga yangu. "Mama Upendo, kichocho gani hiki cha miaka mitatu? Kesho tunakwenda Iringa."

Iringa wakanipima kwa kidole, nikafumba macho. Wakanituma Mbeya kwa kipimo cha kamera. Ni saratani, ndani kidogo tu ya njia ya haja kubwa.

Nilimwuliza daktari swali moja: "Nitarudi majini?"

Akanichorea. Uvimbe mdogo wa juujuu unatolewa kwa kupitia njia hiyohiyo ya haja, tumbo haliguswi. Uliozama, wanatoboa matundu madogo tumboni, moja la kamera, mengine ya vifaa. Wanakata kipande cha utumbo na kuunganisha, na choo kinatokea tumboni kwenye mfuko mpaka mshono upone. Mshono usiposhika, mfuko unabaki maisha yote.

"Nataka ile ya kwanza," nikasema.

"Mama, ungekuja mapema ningekupa. Leo nikikufanyia hiyo, nitaacha ugonjwa ndani."

Yalaa! Nililia kwa ajili ya vile vidonge.

Basi wakanifanyia ile ya matundu. Yalipona upesi, nilitembea kesho yake. Mfuko ndio ulionitesa. Nilikaa Mbeya kwa wifi yangu, aliyeniosha bila kukunja uso, Mungu ambariki. Ibadani mfuko ulinguruma, nikajifanya nakohoa. Lakini hamu ya nyumbani, jamani! Mvua zilipoanza nilikuwa nikimpigia mume wangu kila asubuhi: "Maji yamefunguliwa?" Siku moja akainyoosha tu simu jarubani. Nikasikia vyura, nikawasikia nyie mnacheka mkipanda. Nilitamani hata lile tope la kwenye kucha. Nikakaa chini nikalia hadi wifi akaja kunizimia simu.

Mshono ulishika. Wakauondoa mfuko, choo kikarudi njia yake. Bado nakimbilia chooni, msinicheke.

Wewe unayemeza vidonge kwa siri, na najua upo hapa, damu ikirudi usimeze tena. Nenda ukapimwe wakati daktari bado anaweza kukupa ile njia ya kwanza.

Asanteni. Juzi niliingia majini nikawa wa mwisho kwenye mstari, mimi Sekela! Nilipoinua kichwa, wote mlikuwa mmesimama mwisho wa jaruba, mnanisubiri.