Kiti Kisicho na Namba

Kwa miaka minne sasa timu yetu ya Malakiti, hapa kwenye mitaa ya migodi ya Musonoi, imekuwa timu mbili. Moja inacheza kila Jumapili kwenye uwanja wa vumbi jekundu, nyingine iko nyumbani imefungwa bandeji, na hiyo ya pili ndiyo yenye majina makubwa. Beki wetu Kalombo ana miaka thelathini na tisa na goti linalolia akipanda ngazi za kanisa. Kipa Mwenze ana mgongo unaomruhusu kudaka mipira ya juu tu; ya chini anaisindikiza kwa macho. Na sisi mashabiki, kila Jumatatu, tunajaza kikapu unga na samaki wakavu, tunakwenda kumpa pole aliyeumia jana. Ni desturi yetu ya siku nyingi. Zamani tulikwenda mara mbili kwa msimu, siku hizi kikapu hakipumziki.

Aliyekuwa akitangulia na kikapu hicho ni mzee wetu, tata Donatien Nkongolo, na ndiye ninayetaka kumweleza. Aliendesha treni za madini miaka thelathini na moja, akastaafu na bega bovu na mke aliyekwisha kuzoea kukaa bila yeye. Jumapili alikuwa mpiga ngoma wetu. Alianza kuipiga kabla sijaoa, na mimi sasa ni babu. Mdomo wake ndio uliotufanya tuvumilie vipigo. Kalombo akianguka peke yake, bila kuguswa na mtu, tata Donatien alisimamisha ngoma na kututangazia:

“Goti yake ilishaachaka mupira. Njo yeye peke anabakia.”

Goti limestaafu, mwenyewe bado: tulikuwa tumechoka, lakini tulicheka.

Ni yeye pia aliyeanzisha mambo ya viti. Mchezaji akiwa amekwisha na mwenyewe hataki kuona, hatumwambii neno. Tunapeleka uwanjani kiti cha mbao, namba yake imeandikwa kwenye egemeo, tunakiweka kando ya mstari kabla ya mechi. Akikikuta, anavua jezi na kukaa nasi. Habishi. Anayebisha anawavunjia heshima wote waliokaa kabla yake, na hayo ni maneno ya tata Donatien mwenyewe, aliyoyasema siku mchezaji wa kwanza alipotaka kukipiga kiti teke.

Anayeandika namba ni mimi, Samy. Kazi yangu ni vibao vya maduka na saluni. Mwezi wa nne tata Donatien alifika karakanani kwangu na kiti kichwani, akaomba namba nne, ya Kalombo. Nilidhani ataanza mizaha yake. Hakuwa nayo. Aliketi, akajikanda bega, akasema tu:

“Nilichoka kumupelekea samaki.”

Siku mbili baadaye alikuja mama Agnès, rais wa mashabiki wetu, naye na kiti. Alikaa juu yake, akaangalia makopo yangu ya rangi. Nilijua anachotaka, na nilitamani asiseme. Mkono wa tata Donatien umekwisha, alisema. Ngoma inachelewa, sisi tunaimba huku, yenyewe iko kule. Miaka mitatu tumekuwa tukipiga makofi kwa nguvu ili tuifunike, naye anafikiri tumefurahi. Wachezaji wamelalamika. Elise, mpiga ngoma wa kwaya, amekubali kuishika. Kilichobaki ni nani atamwambia mzee, na hakuna aliyejitolea, kwa hiyo kiti ndicho kitakachomwambia.

Ningeweza kukataa. Badala yake niliuliza namba gani, kama fundi asiye na moyo. Mama Agnès alisema mpiga ngoma hana namba, nipake tu rangi ya kijani ya timu, mwenyewe ataelewa. Nikapaka. Niliona aibu kwa kila brashi.

Jumapili ile tata Donatien alifika mapema, ngoma kwenye bega zima. Viti viwili vilikuwa vimekaa kando ya mstari. Alikigusa cha namba nne, akatikisa kichwa kuridhika, kisha akakizunguka kile cha pili.

“Na hii? Njo ya Mwenze? Samy, ulisahau nimero.”

Akaanza kuwachekesha watu, kwamba Mwenze akikaa hapo tutahitaji kreni ya kumwinua. Watu walitazama viatu vyao. Mimi nilijifanya natafuta kitu mfukoni.

Kalombo alitoka na wenzake, akaiona namba yake. Alisimama kidogo. Halafu akafungua kamba za viatu, akavua jezi, akakaa. Kama ilivyo haki ya kila anayekaa, tata Donatien akampigia ngoma ya sifa, na katikati mkono ukateleza, pigo likaja limechelewa. Akarudia, likachelewa tena. Akainua macho kututafuta, akamwona Elise amesimama kando yangu, mikono mitupu, hana ngoma wala kazi nyingine pale. Akakitazama kiti cha kijani. Hakuuliza tena ni cha nani.

Kalombo alisogeza mguu wake mbovu kwa mikono miwili ili kumpa nafasi ya kupita, akamwita wakae pamoja.

“Tata, kuya tuikale.”

Alikaa. Sheria ilikuwa yake mwenyewe. Lakini ngoma aliiweka katikati ya magoti, akaikumbatia, na kuhusu ngoma hatukuwahi kutunga sheria. Hakuna aliyethubutu kumwomba aiachie. Elise alisimama dakika tisini, mikono imening'inia. Tulisikia malori ya barabarani na refa akihema. Tulifungwa mabao matatu, na yote yalipita kwa namba nne mpya, kijana wa miaka ishirini na miwili mwenye magoti mazima. Siku hiyo hatukuwa na mzee wa kumlaumu.

Hakuna mchezaji aliyeumia, kwa hiyo Jumatatu ilikuwa ya kulala. Lakini saa kumi alasiri mama Agnès alipita kwangu na kikapu kimejaa, Elise nyuma yake, nami sikuuliza tunakwenda wapi. Tulimkuta tata Donatien mlangoni kwake. Alikitazama kikapu, akatutazama mmoja mmoja.

“Nani aliumia jana?”

Mama Agnès alikiweka chini mbele yake.

“Njo wewe, tata.”

Aliinama, akagusa samaki waliokuwa juu. Kisha akabeba kikapu kwa mkono ule mzima, akaingia ndani, akachelewa. Alipotoka alikuwa na ngoma, ameifuta vumbi. Alimpa Elise, akamweleza kwamba ngozi yake haipendi unyevu na asiiache sakafuni. Alisema hivyo mara mbili. Elise alipiga goti kidogo kuipokea.

Mimi aliniita wakati wenzangu wamekwisha kugeuka. Kiti chake, alisema, nikichukue nikakiandike namba, kwani bila namba ni sawa na kiti cha mgeni, na yeye si mgeni pale uwanjani. Nilimwuliza namba gani.

“Nimero yote unapenda. Lakini usitie moja. Moja njo ya Mwenze, siku yake inakaribia.”

Tulicheka wote wawili, yeye akishikilia bega. Kiti kiko hapa karakanani tangu siku ile. Nimeshika brashi mara tatu, na sijaandika kitu.